Sura ya Sita: Sanamu Yenye Jua Lake

Anayepiga picha ya chungu, ya ua au ya pete ana uhuru wa kuamua jua litokee upande gani. Anayepiga picha ya sanamu ndogo iliyopakwa rangi hana uhuru huo, kwa sababu jua limekwisha kuwekwa. Aliyeipaka ndiye aliyeamua. Alipofika kwenye mikunjo ya joho alitia rangi nzito penye bonde na rangi iliyopauka penye tuta; alipofika kwenye bega alivuta mstari mweupe ukingoni na kuliacha kwapa gizani. Ukija na taa yako ukaimulika kutoka chini, utapata sanamu moja yenye majua mawili, na mtazamaji ataikataa picha hiyo hata kama hajui la kusema.

Ndiyo maana huwa sipendi kuanza na swali la wati. Wanaotaka kununua taa kwa kazi hii huuliza kwanza ina nguvu kiasi gani, na nguvu ndilo jambo la mwisho kabisa la kujali, kama tutakavyoona. Yanayotangulia ni matatu: mwanga utoke wapi, uwe mpana kiasi gani mbele ya sanamu, na uwe na rangi zote ndani yake.

Sanamu ninazozungumzia hapa hasa ni zile za michezo ya vita vya mezani. Uingereza ndiko mchezo huu ulikoota mizizi mirefu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ilianza kutengeneza askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kupigana nao sakafuni. Leo makao makuu ya jambo hili ni Nottingham, iliko kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, na mwaka 1987 wakaanzisha Golden Demon, shindano la kupaka rangi ambalo mshindi wake mkuu huondoka na upanga. Tangu hapo kupaka sanamu kumekuwa sanaa yenye mabingwa wake, na kwa kuwa kazi yenyewe inatosha kiganjani, watu wengi huiona kwa picha tu. Mpakaji anaweza kukaa miezi na brashi halafu kazi yake ikahukumiwa kwa fremu moja iliyopigwa chini ya balbu ya sebuleni.

Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28 kutoka wayo hadi usawa wa macho, ingawa siku hizi wengi wamepanda hadi 32. Fanya hesabu kidogo. Mtu mzima amepunguzwa karibu mara 60. Ukishika sanamu hiyo sentimita 60 kutoka usoni, ni sawa na kumtazama mtu aliyesimama mita 36 mbali nawe: unaona amevaa nini, huoni kope zake. Kwa hiyo mpakaji hulazimika kutilia chumvi. Kivuli cha kweli chini ya pua ya milimita moja hakionekani mezani, basi anakipaka. Mng'ao wa kweli kwenye ukingo wa upanga ni mwembamba mno, basi anauchora. Halafu wewe unakuja na lenzi, unaikuza sanamu mara kumi kwenye kioo, na chumvi yote ile inajitokeza. Taa yako ikikubaliana nayo, sanamu inasimama kama kiumbe. Ikipingana nayo, kinachobaki ni plastiki yenye mistari.

Namna rahisi ya kujua jua la mpakaji liko wapi ni kumfuata tangu hatua ya kwanza. Wengi huanza kwa kuipuliza sanamu nzima rangi nyeusi ya msingi. Ikikauka, huchukua kopo la rangi nyeupe na kupuliza kutoka juu tu, au juu na mbele kidogo. Nyeupe hutua pale ambapo mvua ingelowesha kwanza: utosi, mabega, juu ya magoti, mgongo wa pua. Chini ya kidevu na ndani ya joho hubaki weusi. Ukiipiga picha sanamu wakati huo, kabla rangi yoyote haijawekwa, umepata ramani. Kopo lilikuwa wapi? Hapo ndipo taa yako kuu itakapokaa siku ya picha ya mwisho.

Kama sanamu si yako na hukuwepo wakati wa kupuliza, isome. Zima taa zote chumbani, ubaki na moja iliyo mkononi. Iache sanamu imetulia, uzungushe taa polepole kuanzia juu ya kichwa chake. Kuna mahali utafika ambapo mng'ao wa kweli utalalia mng'ao uliopakwa, na ghafla uso utakuwa na umbo. Mara nyingi ni juu, upande mmoja, kati ya nyuzi 45 na 60 kutoka mezani.

Mbele yangu ninapoandika yupo askari mmoja wa deraya nyekundu, amesimama juu ya kitako cha milimita 32. Bamba la bega lake la kushoto limepakwa kwa tabaka tatu: chini ni nyekundu iliyokolea inayokaribia hudhurungi, katikati ni nyekundu yenyewe, na ukingoni juu kuna mstari wa rangi ya chungwa usiozidi upana wa unywele. Taa ikiwa juu kushoto, tabaka hizo hazionekani kabisa. Unachoona ni chuma kilichopinda. Nikiishusha taa hadi usawa wa mkanda wake, ile hudhurungi ya chini inawaka na kugeuka doa la matope, na mstari wa chungwa unabaki peke yake juu kama uzi uliosahauliwa na fundi. Hakuna kilichoguswa kwenye sanamu. Taa imeshuka sentimita 20 tu.

Sasa umbali. Taa ndogo hupoteza nguvu kwa mraba wa umbali wake, na mezani kanuni hiyo inauma haraka. Tuseme sanamu ina urefu wa sentimita 4 na taa iko sentimita 15 juu ya utosi wake. Miguu iko sentimita 19 kutoka kwenye taa, kwa hiyo inapata asilimia 62 tu ya mwanga unaofika kichwani. Hiyo ni tofauti kubwa, na mpakaji naye amekwisha kuifanya miguu kuwa ya giza kwa brashi; giza mara mbili, viatu vinapotea. Ipandishe taa hadi sentimita 60, na miguu inapata asilimia 88. Wapo wanaopenda ile hali ya kwanza kwa makusudi, hasa kwa majini na mifupa inayotembea, nami siwalaumu. Kwa askari wa kawaida ni bora taa ikae mbali.

Lakini ukiisogeza mbali, inakuwa ndogo machoni pa sanamu, na taa ndogo huleta vivuli vikali. Hapa ndipo mpiga picha wa vitu vidogo anapobahatika kuliko mwenzake wa harusi. Ulaini wa mwanga hautokani na taa ni kubwa kiasi gani dukani, bali inajaza sehemu gani ya anga ya kile kinachomulikwa. Dirisha la mita moja likiwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi linatoa ulaini uleule unaotolewa na karatasi nyeupe ya sentimita 30 iliyowashwa kwa nyuma na kuwekwa sentimita 60 kutoka kwa sanamu. Mpiga picha wa harusi atahitaji mwavuli na msaidizi wa kuushika. Wewe unahitaji karatasi ya kuokea keki, au ile nyembamba wanayonakilia michoro wasanifu majengo, iliyobandikwa kwenye fremu ya boksi. Taa iwe nyuma ya karatasi, si kuigusa, ili mwanga usambae kabla ya kupita. Ukitumia balbu ya zamani yenye waya unaowaka, acha nafasi ya kutosha, maana joto lake halichezewi na karatasi.

Seti nyingi zinazouzwa kwa kazi hii zina taa mbili pacha, na picha kwenye boksi inaonyesha moja kushoto, moja kulia, nguvu sawa. Sielewi nani alianzisha mtindo huo kwa sanamu. Taa mbili sawa huacha mstari wa giza katikati ya uso, kwenye pua hasa, na kuitupia sanamu vivuli viwili vinavyopishana sakafuni. Iwashe moja. Upande wa pili weka kadi nyeupe inayorudisha mwanga, uisogeze karibu au mbali hadi upande wa kivuli uonekane bila kushindana na upande wa jua. Taa ya pili, kama umekwisha kuilipia, iweke nyuma na juu, iguse mabega tu na kuyatenga na mandhari.

Kuna pia kile kisanduku cha kitambaa cheupe chenye taa pande zote. Kwa mtu anayeuza sanamu na anataka mnunuzi aone kila kona, kinafaa. Kwa anayetaka kuonyesha kazi ya brashi ninakionea shaka. Mwanga unaotoka kila upande unafuta umbo lililochongwa, likabaki lile lililopakwa peke yake, na sanamu inaanza kuonekana kama stika. Kisanduku hicho kina nafasi moja ya kweli, nayo inahusu chuma.

Chuma ndicho kinachowagawa wapakaji makundi mawili. Kundi la kwanza hutumia rangi za madini, zenye chembechembe ndogo za maika au alumini ndani yake. Rangi hizo zinang'aa kweli, yaani zinaakisi kile kilicho mbele yao. Ukizizungushia weupe mtupu, zinaakisi weupe mtupu, na upanga unakuwa kijivu kama bati la zamani. Zinahitaji kitu cha kuonyesha: upande mmoja mwanga, upande mwingine giza. Kwa hiyo kando ya kadi nyeupe weka nyingine nyeusi, uizungushe hadi uone upanga umegawanyika, nusu moja inawaka na nusu nyingine imezama. Kadi nyeusi haimo kwenye seti yoyote ninayoifahamu, na kwa chuma ina thamani kuliko taa ya pili.

Kundi la pili halitumii madini hata kidogo. Hupaka upanga kwa kijivu, bluu na nyeupe za kawaida zisizong'aa, zikipandana hatua kwa hatua, hadi jicho lidhani linaona chuma. Mng'ao wote ni wa kuchora, na mpakaji ameuweka kwa pembe moja tu ya kutazama. Sanamu kama hiyo haitaki mng'ao wa kweli uje kuuvuruga. Ipake vanishi isiyong'aa, uipe mwanga mpana na mtulivu, na kisanduku cha kitambaa kirudi kazini, ila taa ya juu iwe na nguvu kuliko za pembeni. Wanaofika mbali zaidi huweka vichujio vya polaraizi, kimoja kwenye taa na kingine kwenye lenzi, kisha hukizungusha cha pili hadi mng'ao wa vanishi upotee. Hufanya kazi vizuri sana kwa kundi la pili. Kwa kundi la kwanza ni maafa, kwa kuwa mng'ao wa chuma nao unazimwa, na dhahabu inakuwa tope.

Mvutano huu ni wa zamani kuliko askari wa plastiki. Nicholas Hilliard, aliyezaliwa Exeter na kufariki mwaka 1619, alichora picha za watu wakubwa wa Uingereza kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama, nyingi zikiwa ndogo kuliko kiganja. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa miongoni mwa waliokaa mbele yake. Karibu na mwaka 1600 Hilliard aliandika maelezo ya kazi yake, na humo anasimulia jinsi malkia alivyochagua kukaa kwenye njia ya bustani iliyo wazi, pasipo mti wala kivuli, ili uso wake uonekane bila giza. Hilliard alikubaliana naye. Alikuwa mtu wa mistari, si wa vivuli, na picha zake zina nyuso nyeupe ambazo karibu hazina upande wa jua.

Kwenye vito alibadilika. Ili kutengeneza rubi isiyozidi kichwa cha pini, aliweka kwanza fedha halisi na kuisugua ing'ae, kisha akadondosha juu yake utomvu uliotiwa rangi nyekundu na kuuumba kwa sindano ya moto. Lulu aliinua kwa tone la rangi nyeupe ya risasi, akaitia kivuli upande mmoja, na juu yake akaweka nukta ya fedha iliyosuguliwa kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Kwa hiyo kwenye picha moja uso una mwanga wa kupaka na rubi ina mwanga wa kweli. Mwenye picha aliishika mkononi, akaigeuzageuza karibu na mshumaa au dirisha, na rubi ikawaka na kuzimika.

Mpiga picha wa makumbusho anayeweka taa mbili kwa nyuzi 45, kama inavyofanywa kwa michoro yote bapa, anapata uso safi na rubi iliyokufa, kwa kuwa fedha iliyo chini ya utomvu inatupa mwanga kando, mbali na lenzi. Ili rubi iamke, inabidi kuwe na mwanga mdogo mahali ambapo fedha itaurudisha kwenye kamera. Lulu nazo zina msiba wao: fedha imepatwa na kutu yake, na nukta zilizokuwa nyota sasa ni madoa meusi. Hakuna taa itakayozirudisha. Ukizitembelea picha hizi Victoria and Albert Museum, London, utashangazwa na giza la chumba; rangi za maji huchuja, na kiwango kilichozoeleka kwa kazi za namna hiyo ni luksi 50, mwanga ambao mezani kwako ungeuona haufai hata kusomea. Flashi usiifikirie.

Turudi kwenye deraya nyekundu, maana hapo ndipo taa za bei rahisi zinapojiumbua. Taa nyingi za LED zinazotoa mwanga mweupe ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Bluu na njano vikichanganyika, jicho linaona nyeupe na kuridhika. Sanamu hairidhiki. Nyekundu iliyokolea inahitaji mwanga mwekundu wa kuirudisha, na taa hiyo inao kidogo sana. Deraya inageuka rangi ya tofali, damu kwenye upanga inakuwa kahawia, na mashavu ya mchawi yanakuwa ya maiti. Mpiga picha anailaumu kamera, anaongeza rangi kwenye programu, na ngozi za askari wote zinakuwa chungwa.

Kwenye boksi la taa kuna namba inayoandikwa Ra au CRI, yenye kikomo cha 100. Ni kipimo kilichowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1965 na kurekebishwa mwaka 1974. Kinalinganisha jinsi taa inavyoonyesha rangi nane na jinsi taa ya mfano inavyozionyesha, kisha kinatoa wastani. Tatizo ni kwamba zile rangi nane zimepauka. Nyekundu kali ni sampuli ya tisa, R9, na haimo kwenye wastani. Hivyo taa inaweza kuandikwa 80, ikaonekana ya heshima, huku R9 yake ikielea karibu na sifuri. Mwaka 2015 wahandisi wa mwanga wa Marekani walitoa kipimo kingine, TM-30, chenye sampuli 99, lakini ni nadra kukiona kwenye boksi la dukani. Tafuta Ra ya 95 au zaidi, na mtengenezaji anayethubutu kutaja R9. Asiyeitaja ana sababu.

Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji wa taa atakuuliza, "Kaka, unataka mwanga mweupe au wa njano?" Ni swali zuri, ila linahusu jambo jingine. Weupe na unjano hupimwa kwa Kelvini: balbu ya kizamani ni kama 2700, jua la adhuhuri ni kama 5500, kivuli chini ya anga la bluu kinapita 7000. Kamera inaweza kurekebisha yoyote kati ya hizo kwa urahisi. Isichoweza kurekebisha ni mbili kwa pamoja. Balbu ya njano ikimulika kushoto na dirisha likimulika kulia, ukisawazisha upande mmoja, mwingine unaharibika. Kwa hiyo chagua chochote kati ya 5000 na 5600, halafu uzime kila kingine chumbani. Na ukosefu wa R9 haurekebishiki kwa Kelvini, kwa sababu huwezi kuongeza kisichokuwepo.

Jaribio la dukani ni jepesi. Beba vitu viwili vyekundu vinavyotofautiana kidogo, vitazame mlangoni penye kivuli cha mchana, kisha vitazame chini ya taa iliyowashwa. Kama tofauti yake imepotea, iache taa hapo hapo. Na taa utakayoichagua kwa picha iwe ndiyo unayopakia rangi. Rangi mbili za makopo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na hutaki kuligundua hilo kamera ikiwa imekwisha kusimamishwa.

Dirisha ni taa ya bure yenye rangi zote, na vitabu vingi vya Ulaya vinakwambia utafute dirisha la kaskazini. Hilliard mwenyewe alitaka mwanga wa kaskazini unaoelekea mashariki kidogo, dirisha moja kubwa, pasipo ukuta wala mti wa kuurudisha. Kwao ni ushauri timamu, maana jua la London halipiti kaskazini saa sita mchana hata siku moja. Kwetu si hivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la adhuhuri hupita kusini, na miezi iliyobaki hupita kaskazini. Dirisha lako tulivu la Januari ndilo litakalokuchoma Julai. Nairobi, iliyo karibu na ikweta kabisa, inaugawa mwaka karibu nusu kwa nusu. Achana na dira, utundike pazia jepesi jeupe. Jua likiingia litakutana nalo. Onyo la Hilliard kuhusu miti, hata hivyo, linasafiri vizuri. Mwembe mkubwa nje ya dirisha hupaka kijani kila kitu cheupe mezani, na joho la mtawa wako litaonekana limeota ukungu.

Nilisema nguvu ya taa ni jambo la mwisho. Sanamu haipumui. Kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, tundu la lenzi kwenye 11 ili pua na kitako vyote viwe kwenye fokasi, na hisia ya mwanga kwenye 100, unaweza kuacha shata wazi sekunde nzima na hakuna kitakachotikisika, mradi utumie kipima muda badala ya kidole. Taa ya wati 5 inatosha. Inachoweza kuharibu ni kupepesa. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa duni hupepesa mara 100 katika muda huo; ukipiga kwa shata ya haraka, simu inaonyesha michirizi ya giza. Punga penseli chini ya taa: ukiona penseli nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa. Shata ya 1/50 au ya polepole zaidi huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Kuhusu mandhari nitasema machache. Kijivu ndicho salama. Nyeupe tupu humdanganya mpimaji wa kamera akaifanya sanamu kuwa nyeusi, nyeusi tupu humdanganya akaipausha, na karatasi ya rangi kali humtupia askari rangi yake chini ya kidevu, mahali ambapo mpakaji alitumia muda mrefu kuliko popote.

Imebaki sanamu moja inayovunja karibu kila nililoshauri, nayo ni ile iliyoshika tochi, taa au moto wa kichawi, ambayo mpakaji ameichora kana kwamba inamulikwa na kile ilichoshika. Upande mmoja wa uso ni wa chungwa, upande mwingine ni bluu ya usiku. Hapa jua haliko juu tena. Liko mkononi mwake. Wengi hufikiri dawa ni kupunguza mwanga wote ili moto uonekane, kumbe moto ule ni rangi tu, hauna mwanga wake, na ukipunguza kila kitu unazimika pamoja na kila kitu. Isogeze taa kuu hadi upande ule ule wa moto, ishuke kuliko kawaida, hadi usawa wa bega au chini yake kidogo. Ondoa kadi nyeupe, uweke nyeusi mahali pake. Isawazishe kamera kwa karatasi ya kijivu kabla ya kuweka sanamu, kwa sababu ikiachiwa ijiamulie itaiona chungwa ile kuwa kosa na kuifuta. Kisha piga fremu tatu, moja kwa kipimo cha kamera, moja nusu stopu chini na moja stopu nzima chini, uzifungue kwenye simu, kwa ukubwa ule ule watakaoziona wengine. Mara nyingi mimi huchukua ile ya katikati.